Mkono Kwenye Gurudumu

Juzi mjukuu wangu alinijia na simu mkononi. "Babu, hebu ona! Ndege ya mabomu ya vita vya zamani!" Nikavaa miwani. Ilikuwa picha safi, mabawa marefu, pua ya vioo kama jicho la nzi. Wewe ungetazama mabawa hayo. Mimi nilitazama gurudumu, kuona kama kuna mtu ameliegemea. Hapakuwa na mtu. Nikamrudishia simu yake nikamwambia nina kazi shambani, nami shamba sina tena.

Nililelewa na bibi, mzaa baba, katika milima ya Umatengo, mwendo wa asubuhi moja kutoka Litembo, enzi za Mwingereza. Mama alikuwa amerudi kwao ufukweni, Kihagara, akaolewa huko. Kila alipopata mtu wa kupanda mlima alituletea usipa, vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Hadi leo nikinusa usipa ukikaangwa, nasikia na kinu cha bibi, na ile harufu kali ya kahawa iliyomenywa ikichacha kwenye pipa nyuma ya nyumba. Bibi alisema sisi hula ugali na maharage siku sita, na siku ya saba maharage na ugali, kisha alicheka mwenyewe kabla yetu. Mimi aliniita mume wangu. "Mume wangu, kuni zimekwisha. Au unangoja mke mdogo akazilete?"

Baba yangu na mdogo wake walichukuliwa vitani na Mwingereza wakapelekwa Bama, mbali huko Asia, wakati mimi bado nanyonya. Baba mdogo alirudi. Baba alibaki huko. Kilichorudi chake ni picha moja, waliyopigwa na Mzungu wa ndege kwenye uwanja waliokuwa wakiulinda. Ndege kubwa ya mabomu, na chini ya bawa ndugu wawili, wadogo mbele ya ukubwa wake. Baba mdogo kasimama wima kama anakaguliwa. Baba ameweka mkono juu ya gurudumu, kama mtu aliyeshika ng'ombe wake mwenyewe.

Bibi aliiweka picha hiyo ndani ya kopo la majani ya chai. Kila Jumapili baada ya kanisa aliitoa, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akaipa habari za wiki. Kwa desturi ya nyumbani kwetu, mtu akifia mbali hutafutwa kitu chake kikazikwa, ndipo wafiwa hunyoa nywele na msiba ukaisha. Nguo za baba, mama alikuwa amezikata akanishonea mimi kabla hajarudi kwao, nami nilikwisha kuzichakaza. Ikabaki picha. Wazee walipomshauri bibi aizike, aliwajibu, "Nifukie macho yanayonitazama?" Akaendelea kukaa na nywele zake za msiba, mwaka baada ya mwaka.

Baba mdogo hakupenda kusimulia vita, ila wakati wa kuchimba ngolo. Huenda huijui ngolo. Mvua zikikaribia kuisha unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa kama wavu. Kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kufukia yale majani. Hubaki shimo la kushika maji, na matuta ya kupandia maharage yakilizunguka. Baba mdogo alisimama siku moja, akautazama mteremko wetu, akasema, "Wale wa ndege nao walichimba ngolo huko Bama, mama. Mlima mzima mashimo. Ila hawakupanda kitu."

"Basi wavivu," bibi akasema, akaendelea kulima.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu. Mtoto wa karani alikuwa amebandika picha ya motokaa kwenye jalada la daftari lake, tukawa tunapanga foleni kuiona. Nikasema kwetu tuna ndege ya mabomu. Wakacheka mpaka wakashika matumbo. "Rubani wa maharage! Ndege yenu inatua wapi, kwenye ngolo?"

Bibi alipokwenda mtoni nikafungua lile kopo. Nikachukua wembe wa baba mdogo nikaikata ndege kufuata ukingo wake. Wale watu wawili sikuwataka. Nitasema kweli: nilitaka ndege iwe yangu, na wao walionyesha kwamba ni ya wengine. Wembe ulipofika kwenye gurudumu ulipita kifundoni, mkono wa baba ukabaki upande wa ndege. Vipande vilivyobaki nikavitia mfukoni. Jioni ile, nikilaza majani shambani, nikaviingiza chini yake, na jembe la bibi mwenyewe likavifukia.

Ndege nikaibandika kwenye jalada la daftari langu, na siku mbili nilikuwa mfalme wa darasa. Ijumaa mwalimu akakusanya madaftari, akalishika langu muda mrefu.

"Huyu mwenye mkono yuko wapi?"

"Nimemkata, mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Ni nani?"

"Baba."

Mwalimu akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama kitu kizito, akaniambia nikaseme nyumbani kabla sijaulizwa. Sikusema.

Jumapili bibi akafungua kopo. Akaligeuza chini juu. Nikasema, "Panya, bibi."

"Panya amefungua kopo, akachukua, akafunga tena," bibi akasema taratibu. "Huyu panya amesoma."

Nikaleta daftari. Akaupapasa ule mkono mdogo kwa kidole. "Na uso?" Nikamweleza. Akamwita baba mdogo, tukatoka wote watatu mpaka shambani. "Shimo lipi?" bibi akaniuliza. Nikatazama. Mashimo mia na mia, yote sawasawa, yote mapya. Sikujua. Baba mdogo akanyanyua jembe, machozi yakimtoka, aanze kubomoa tuta la kwanza, akiapa atafukua mlima wote.

Bibi akamshika mpini. "Acha. Amekwisha kuzikwa. Mwanawe amemzika."

Wiki ile pombe ikapikwa, majirani wakaja, bibi akanyolewa nywele. Nilipomrudishia ile ndege aliisukuma kwangu. "Uso wake mimi ninao kichwani. Wewe huna. Kaa na mkono."

Hakunichapa. Ila aliacha kuniita mume wangu, na nyumba ikawa baridi hata karibu na moto. Maharage yalipokomaa akapika ya kwanza kutoka mteremko ule, akanipakulia kabla ya mtu yeyote. "Kula, mume wangu." Nikala nikilia, na chumvi haikupungua.

Ningependa kosa langu liishie hapo. Bibi alipofariki, na baba mdogo baada yake, mteremko uliangukia kwangu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina meza yangu ofisini Songea, najiona mtu wa mjini. Nikauuza. Aliyenunua akapanda mikaratusi. Siku hizi mvua ikinyesha maji yanateremka moja kwa moja na kubeba udongo, hakuna shimo la kuyashika, na vijana wengi pale hawajawahi kulaza majani ya ngolo. Baba nilimzika bila kujua. Nikamuuza nikijua.

Ile ndege ninayo, ndani ya kitabu cha sala. Wadudu walifuata gundi yangu ya uji wa mahindi wakala mabawa yote mawili. Gurudumu lipo, na mkono upo. Mara nyingine huweka wangu kando yake, huu wa mzee, na ule wa kijana aliyenizaa, nikitafuta kidole kinachofanana.

Mjukuu wangu atakuja tena Jumapili. Nitamwita akae karibu, nami nitamwonyesha mahali pa kutazama.