Kikoi Kwenye Uwanja wa Waskoti

Mume wangu alikuwa mchukuzi bandarini Mombasa, na watu walikuwa wakisimama kumtazama akibeba magunia. London alipata kazi ya kutunza wazee, huko Thamesmead tulikokuwa tukiishi. Kutwa nzima ni kuinua watu taratibu, kama mayai. Akawa mtu wa kimya, na kimya kile sikukipenda hata kidogo.

Jirani yetu wa chini, mzee wa Kiskoti, alimwona siku moja akipandisha jokofu letu ngazini peke yake. Akamwambia kwao kuna mchezo wa kurusha gogo refu kama nguzo ya simu. Unalisimamisha, unalishika kitakoni, unakimbia nalo, kisha unalirusha lipinduke hewani na kuanguka mbele yako limenyooka. Umbali haupimwi. Nikasema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Lakini jioni nikawa nawaona uani wakihangaika na mti uliokatwa na kaunsili ya mtaa, na mume wangu akirudi ndani mabega yamechubuka, anaongea bila kuulizwa.

Kiangazi kile Waskoti walifanya tamasha lao kwenye bustani moja ya London, na mume wangu akajiandikisha. Sharti lilikuwa moja: kila mrushaji avae kilti, ile sketi yao ya miraba, ambayo kila ukoo una rangi zake. Mzee alimwahidi ya kwake. Asubuhi ya tamasha kilti ikagoma kiunoni. Mzee alikuwa amekonda kwa umri, na mume wangu nampikia mimi.

"Basi," akasema. "Labda next year."

Nikaona kile kimya kinamrudia usoni, na roho ikaniuma. Nikaondoa viazi karai na chupa ya chai juu ya kikoi tulichokuwa tumekitandika nyasini, nikakikung'uta, nikampa.

"Vaa hiki."

Mwamuzi, bwana wa masharubu mwenye uso wa mtu aliyeuma ndimu, alimzunguka akichunguza ile milia. "Hizi ni rangi za ukoo gani?"

"Za mama yangu," mume wangu akajibu. "Ndiye aliyeninunulia."

Mwamuzi akatafakari, akakubali. Nami nikakikaza kikoi kwa nguvu zangu zote, maana kikoi hukunjwa tu kiunoni, na aliyekumbatia gogo hana mkono wa tatu.

Akaliinua. Akakimbia. Hatua chache tu nikaona mkunjo unalegea. Mwanamume mwenye akili zake angeachia gogo akashika nguo. Wangu hakuachia. Akanguruma, akalirusha, likasimama kwa kichwa, likasitasita, kisha nikasikia kishindo mbele yake. Nilipotazama, kikoi nacho kilikuwa chini. Alhamdulillahi alivaa bukta ndani. Nikachomoa mkobani leso yangu ya kujitanda, nikakimbilia uwanjani kumsitiri, na bustani nzima inacheka na kupiga makofi.

Mwamuzi peke yake hakucheka. Kanuni, alisema, inamtaka mrushaji awe amevaa mpaka gogo lifike chini. Sasa kipi kilitangulia kufika, gogo au kikoi? Yeye macho yake yalikuwa juu, kwenye ncha ya gogo. Akanigeukia mimi niliyekuwa karibu. Mume wangu akanikazia macho, na jirani yetu naye vilevile, na nikajua miezi yote ile ya jasho imo mdomoni mwangu.

"Sikuona," nikasema, na ndio ulikuwa ukweli. "Gogo sikuliona likifika, wala kikoi. Nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa anacheka. Tangu tuje nchi hii sijamwona akicheka vile."

Mwamuzi alinitazama, akamtazama mume wangu ndani ya leso yangu ya maua. Kisha akainua mkono: gogo limekubaliwa.

Tulirudi kwenye viazi vyetu. Mume wangu akatafuna kimoja, akafikiri.

"Kwani kweli nilikuwa nacheka?"

"Mpaka jino la mwisho," nikamwambia.