Shati Lisilo la Chama

Mafundi cherehani wa mtaa ule walikuwa na wimbo mmoja: njoo kesho. Ukienda kesho, vifungo vimeisha. Ukienda keshokutwa, sindano imevunjika. Ukienda siku ya harusi yenyewe, fundi amekwenda msibani. Ni mmoja tu aliyekuwa akisema leo, na kweli ikawa leo. Basi wakamwita Leoleo, na jina likamganda, hata mumewe, dereva wa lori, akawa anamwita hivyo hivyo kwenye simu akiwa safarini.

Chumba chake cha kazi ndicho kilichokuwa sebule. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na chini ya meza binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akivuta vipande vya vitambaa kama vile ameajiriwa kuvipanga. Leoleo alishona mguu mmoja ukiwa kwenye kanyagio, wa pili ukimzuia mtoto asiisogelee pasi ya mkaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akija na kitambaa kisichomtosha, hakumwambia umenenepa. Alisema, "Dada, vitambaa vya siku hizi wanavipunguza upana." Mteja akaondoka anacheka.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, barabara ya pili. Alikuwa mtu wa mikono. Akiingia tu, kabla ya salamu, mtoto yuko juu karibu na dari anapiga kelele za furaha, na Leoleo anagomba, "Utaniulia mtoto wewe!" huku naye anacheka.

Siku moja ofisi ya chama cha Kengele, chama kilichokuwa kinatawala, ilivunjwa, kufuli likakatwa kwa mashine ya kukatia chuma. Polisi hawakujisumbua kutafuta. Walizoa kila mchomeleaji wa barabara ile. Wengine walitoka jioni ileile. Mdogo wake Leoleo alikaa ndani siku nyingi, na alipotoka mikono yake ilining'inia tu ubavuni, kama mikono ya koti lililotundikwa. Kituo kiliandika kwamba alianguka kwenye ngazi akiwa kazini. Daktari wa serikali naye akaandika ngazi. Mkuu wa wilaya alipoulizwa redioni, akasema amepata taarifa kamili, ni ngazi.

"Ngazi hiyo lazima ni ndefu," alisema muuza magazeti wa kona, "maana kila anayeingia kituoni anaanguka kutoka juu yake."

Mdogo mtu hakusimulia kitu. Alihamia kwa dada yake, akawa anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mtoto alikuja akanyoosha mikono abebwe, akangoja, akashangaa. Baada ya siku kadhaa alijifunza mwenyewe kupanda kiti, kukanyaga mapaja ya mjomba wake, na kumkumbatia yeye. Leoleo aliona, akainamia cherehani, na mshono ule ukaenda upande.

Asubuhi moja alimkuta mdogo wake amesimama katikati ya chumba, kichwa kimo ndani ya shati, mikono haipandi wala haishuki. Hakuita mtu. Alikuwa amesimama tu. Leoleo hakusema pole. Alilivuta shati likashuka, akampiga kidogo mgongoni kama anayefuta vumbi, kisha akaenda uani kupepea moto uliokuwa umeshawaka.

Pale uani ndipo alipoziona nguo za mtoto kwenye kamba. Kuna vile vishati vya watoto wachanga vinavyofunguka begani kwa vifungo vya kubonyeza, kwa sababu mtoto mchanga huwezi kumnyanyua mikono ovyo. Aliliangalia lile shati dogo mpaka moto ukafifia. Akaingia ndani.

"Simama nikupime."

"Unanipima nini tena, dada? Sikui mimi."

"Simama."

"Litakuwa tayari lini?"

"Wewe unamuuliza nani?"

Jioni ile mdogo wake alikuwa na shati linalofunguka kuanzia shingoni, likapita begani, hadi kwenye kiwiko, pande zote mbili. Unalivaa kwa kufunikwa, si kwa kuingia. Vifungo vya karibu na kiwiko aliweza kuvibonyeza mwenyewe. Alipomaliza alijitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa nimebaki kunyonya tu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania tangu atoke kule. Habari ikaenea kwa familia zilizokuwa na mtu wa namna hiyo ndani, na hazikuwa chache. Walikuja wakinong'ona mlangoni: "Tunaomba shati kama la mdogo wako." Leoleo alishona, hakuuliza nani wala lini.

Ikaja Tume ya Uchunguzi. Malalamiko yalikuwa yamefika mbali mno, serikali ikaona aibu, ikateua watu wasikilize. Wakili mmoja wa kike aliyekuwa akisaidia familia hizo alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akampakata mtoto ili Leoleo aweze kusikiliza vizuri.

"Atasikilizwa," alisema wakili. "Ila uchaguzi umekaribia. Asionekane na alama ya chama chochote, hata kofia. Mabega yake hawawezi kuyabishia. Watabishia chama chake. Wakimpata na chama, maneno yake yanafutwa yote."

Mdogo mtu akasema kutoka pale mlangoni, "Nitakwenda. Lakini sivui shati mbele ya watu."

"Hutavua," alisema Leoleo. "Wakitaka kuona, nafungua bega, wanaona, nafunga. Mimi mwenyewe."

Kabla ya siku kufika, alikuja mgombea wa chama cha Ndoo, chama cha upinzani, na vijana wake na spika juu ya gari. Aliingia ameshakunja uso kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Dada yangu, nimeumia sana. Kijana huyu apande jukwaani Jumamosi. Watu wamuone. Serikali hii ya Kengele itaanguka siku hiyohiyo."

"Mheshimiwa, mkishinda, kituo kile mtakifanya nini?"

"Tutakiangalia upya."

"Kukiangalia tumekiangalia sana sisi."

Vijana wake wakacheka, wakaacha walipoona mheshimiwa hacheki. "Bila sisi nani atawasikiliza, dada?"

Leoleo alinyoosha mkono kupitia dirishani, kuelekea kona. "Unamwona yule muuza magazeti? Uchaguzi uliopita, Kengele walipokuwa wapinzani kama nyinyi leo, yeye ndiye aliyepandishwa jukwaani. Muulize."

Muuza magazeti alisikia anatajwa, akajibu kutoka hukohuko, "Walinivua shati, mheshimiwa! Watu walilia, mpaka mgombea akalia. Wakashinda. Kituo hakikufungwa, kilipakwa rangi. Rangi nzuri kweli, sikatai!"

Mgombea aliondoka. Leoleo alirudi kwenye cherehani, akatunga uzi mara tatu ndipo ukaingia, maana hakuwa amezoea kumkatalia mtu mwenye gari.

Kwa siku ya Tume alishona shati jeupe. Mshono ulipofika begani alisita. Kitambaa kipya ni kigumu, na pale ndipo kamba zilipokuwa zimekata nyama, kovu bado jekundu. Alitaka kitu laini cha kushonea kwa ndani. Alipekua kapu la nguo za mtoto, akafanya kama afanyavyo mama yeyote: hakutazama, alikuwa akichukua kimoja kimoja na kukiweka shavuni. Kilichokuwa laini kuliko vyote kilikuwa fulana kuukuu iliyofuliwa mpaka imekuwa kama maziwa. Alikata kipande, akakishona, akapiga pasi kwa juu. Kwa ndani hakuangalia.

Ukumbi wa Tume ulikuwa ukumbi wa mikutano wa manispaa, viti vya plastiki, feni inazunguka kwa uvivu. Mwenyekiti wa Tume alikuwa mama mmoja, jaji mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua. Upande mmoja alikaa wakili wa serikali na mafaili yake. Leoleo alikaa mstari wa mbele karibu na yule wakili wa kike, mtoto wake amelala mgongoni.

"Tueleze," alisema mwenyekiti.

Mdogo mtu aliegemea kipaza sauti. "Nilichukuliwa kazini," alisema. Akaanza tena, "Nilichukuliwa kazini," na sauti ikakwama palepale. Watu wakaanza kukohoa na kuvuta viti.

Wakili wa serikali alisimama kwa adabu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kama maneno hayapo, basi tuone hayo majeraha."

Leoleo alimkabidhi yule wakili wa kike mtoto, akaenda mbele. Alibonyeza kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakunjua kitambaa. Kovu likaonekana. Na kwenye kitambaa kilichogeuka nje, imepauka lakini inatambulika, ikaonekana ndoo na mpini wake.

Mtu wa nyuma akacheka, ukumbi ukavuma.

"Mheshimiwa," alisema wakili wa serikali, na sasa alikuwa anatabasamu, "naomba iandikwe kwamba shahidi amekuja na nembo ya chama, ameificha chini ya shati. Naomba ushahidi wake wote uwekwe kando."

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani ameshona shati hili?"

"Mimi, mama." Leoleo alikishika kile kitambaa. "Ni fulana walizogawa bure. Kwangu ni nepi ya mtoto. Nilitafuta kitambaa laini, mama, sikutafuta chama. Nimekosea, sikuangalia."

"Sasa tufanyeje? Siwezi kumsikiliza shahidi akiwa na nembo."

"Avue shati," alisema wakili wa serikali. "Ni jambo rahisi."

Leoleo alimtazama mdogo wake. Uso ulikuwa umekauka. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa vidole, na Leoleo alijua kwamba wakilivua lile shati, atatoka humo ndani na hatafungua mdomo tena maisha yake yote, si kwa Tume, si kwa mtu.

"Havui," alisema. "Nafumua mimi. Hapahapa. Naomba mnisubiri, mama, sitachelewa."

Mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulikuwa shingoni mwake kwa uzi, kwani fundi huusahau hapo kama wengine wanavyosahau miwani kichwani. Mwenyekiti alitazama saa, akautazama ule mkasi, akasema, "Endelea."

Leoleo alipiga magoti kando ya kiti na kuanza kufumua, tundu moja baada ya jingine, taratibu, ncha ya mkasi isiguse kovu. Alikuwa karibu na sikio la mdogo wake. Alimsemesha kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia nyumbani anapompima mtu kiuno na hataki aone haya.

"Usiwaangalie hao. Niangalie mimi. Walikuchukua kazini. Ulikuwa unachomelea nini?"

"Dirisha," alinong'ona.

"La nani?"

"La mwalimu. Nondo moja ilikuwa imebaki."

"Halafu?"

"Halafu wakanifunga mikono kwa nyuma, mpaka mabegani."

Leoleo alivuta uzi. Vidole havikusimama. "Kwa kitu gani?"

"Kamba ya manila. Wakaipitisha kwenye bomba la juu. Wakavuta."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Ukumbi mzima ulisikia. Mwenyekiti alimwashiria karani kwa kidole: andika. Mdogo mtu hakuona. Alikuwa anamwambia dada yake. Alimwambia kuhusu lile bomba, kuhusu mkuu wa kituo aliyekuwa anakula karanga, kuhusu mwenyekiti wa tawi la Kengele aliyeletwa atazame, akasema, "Huyu simjui, lakini endeleeni tu." Alisema daktari hakumgusa, alimwuliza tu ngazi ilikuwa na urefu gani. Alisema alimwita mama yao, ambaye alikuwa ameshafariki. Hapo mkasi ulisimama, Leoleo akafuta macho kwa bega lake mwenyewe, akaendelea.

Kipande kilipotoka, alikiweka mezani mbele ya wakili wa serikali. "Chukua, baba. Kinafuta meza vizuri."

Hakuna aliyecheka. Alifunga vifungo, cha tatu, cha pili, cha kwanza, akarudi kumchukua mtoto wake aliyekuwa ameamka na kulia.

Karani aliyasoma maandishi yote kwa sauti, tangu dirisha la mwalimu. Wakili wa serikali alisimama, akasema hana swali, akakaa.

"Haya ni maneno yako?" aliuliza mwenyekiti.

"Yangu."

"Ulianguka kwenye ngazi?"

"Siku ile sikupanda ngazi, mama. Lilikuwa dirisha la chini."

Meza ilikuwa juu mno kwa mkono wake. Mwenyekiti aliona, akainuka mwenyewe kutoka kwenye kiti chake kirefu, akazunguka meza, na kumwekea karatasi ya maelezo yake juu ya mapaja atie sahihi. Mdogo mtu akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, kama alivyokuwa akiliandika kwenye mageti.

Nje, spika ya gari la Ndoo ilikuwa inanguruma, na mgombea alikuwa amesimama ngazini na wapiga picha, mikono wazi kama mwenye harusi.

"Kijana wetu!" alisema.

"Wa dada yangu," alijibu mchomeleaji, akampita. Kisha akageuka kumwuliza Leoleo kama kuna chai karibu, maana koo limemkauka kwa kusema.