Kondoo wa Kamshat Kwenye Handaki la Roketi

Askari wa roketi walipohama, hawakuacha cha maana ila saruji. Handaki walimokuwa wakijificha roketi zikiruka lilibaki wazi nyikani, milango yake ya chuma imeng'olewa na wauza vyuma chakavu. Vuli ile paa la zizi la mjane Kamshat lilipoanguka, Seilhan, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja mbio na gari.

"Shemeji, watie kule kondoo wako! Kuta nene kama tumbo langu. Zizi la bure!"

Kamshat alikuwa na kondoo arobaini na wawili, karibu wote majike wenye mimba. Hao ndio waliomwepusha kwenda mjini kwa mwanawe, kulala sebuleni na kuulizwa na mkwe wake kwa nini kagusa sufuria. Akawahamisha, mlango akauziba kwa turubai. Kisha akachukua sepetu na mkokoteni, akarudi zizi la zamani kuchimba samadi.

Maana kondoo wa nyika halalii sakafu tupu wakati wa baridi. Hulalia samadi yake mwenyewe, iliyokanyagwa miaka na miaka, inayofukuta chini kwa chini ikampasha tumbo. Ya Kamshat ilikuwa na kina cha goti, imelundikana tangu alipoolewa.

Alikuta udongo mtupu. Seilhan alikwisha kuikata yote matofali, kayapanga uani kwake, kuni za msimu mzima.

"Hata kuniuliza?"

"Nikuulize mavi?" Seilhan alicheka akashika mbavu. "Umepata jumba la roketi, bado unalilia mavi! Haya, omba vizuri, shemeji, nikupimie madebe mawili."

Mwingine angeomba. Kamshat alitema mate chini, akaondoka na mkokoteni mtupu. Siku tisa alikata matete mtoni, akayatandaza juu ya saruji. Alijua hayatoshi.

Januari baridi ilikaza. Kondoo wakaanza kutupa mimba, vitoto vitupu visivyo na sufu, vikiganda kabla mama hajavilamba. Kisha mama nao wakakohoa, wakaanguka. Siku ya nane ya baridi hiyo Kamshat alitembea mpaka kwa Seilhan. Moshi wa samadi ulikuwa ukipanda dohani. Akainua mkono abishe hodi. Akaushusha, akarudi alikotoka.

Walibaki saba.

Hapo ndipo Seilhan alipokuja. "Mwanao kapiga simu, nikupeleke mjini. Hao saba usiwe na wasiwasi, nitakutunzia."

"Utanitunzia," alisema Kamshat.

Alichomoa kisu. Akamlaza wa kwanza, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Akamvuta wa pili.

"Wewe mama, umerukwa na akili? Huyo ana mimba!"

Akamchinja huyo pia. Alipomaliza wa saba, theluji mlangoni imekuwa nyekundu.

"Pakia nyama yote, naenda nayo mjini," alimwambia. "Hata utumbo usibaki hapa."