Fundi Aliyekata Uzi kwa Meno

"Dada, hivi yule shemeji yako anakula nyama mbichi?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja tukianika nguo. Mimi na mdogo wangu tunakaa ua mmoja, na jirani alikuwa ameziona foronya za mume wa mdogo wangu kwenye kamba, kila moja ina doa la damu pale mdomo unapolala. Nilicheka ili nisijibu. Mungu anisamehe, swali lilikuwa la haki.

Shemeji huyo ni fundi cherehani. Watu humwita Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe akaliandika kwa rangi juu ya mlango wa kibanda chake. Ni wa mwisho kwa watoto wanane, na nadhani wazazi walipomfikia yeye walikuwa wameshachoka kukanya. Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo, mzee mpole aliyekata kila uzi kwa mkasi. Mtaalamu alikaa naye miaka minne akajifunza kila kitu isipokuwa mkasi.

"Mkasi ni wa wanaojifunza," husema.

Yeye huinama, huuma uzi karibu kabisa na kitambaa, kisha huinua kichwa na kutazama nani amemwona. Meno hayo ndiyo yaliyomchumbia mdogo wangu. Nakiri yalikuwa meupe, na hakuwa na kingine cha kuonyesha.

Ufizi wake ulipoanza kutoka damu kila akipiga mswaki, mtu mwenye akili angejiuliza kulikoni. Mtaalamu aliulaumu mswaki. "Huu ndio unaonichana," akasema, akautupa. Tangu siku hiyo akawa anasukutua maji ya chumvi asubuhi, basi. Miezi ikapita. Ufizi ukavimba, ukawa mwekundu na kung'aa, na pumzi yake ikawa ya kumfanya mtu akumbuke shughuli nyingine. Wateja walipimwa nguo wamegeuzia nyuso ukutani. Mdogo wangu akimwambia aende kutibiwa, anajibiwa: "Wewe tia vifungo. Kinywa ni changu."

Wakati huo walikuwa wanashona sare nyeupe za wauguzi. Mume anaunga vipande, mke anatia vifungo. Siku moja matroni wa hospitali akaja mwenyewe na sare sita, akazitandaza mezani. Kila moja ilikuwa na kidoa cha damu.

"Fundi, hii damu ya nani?"

Nilikuwepo, nimefuata sketi yangu. Mtaalamu hakumeza hata mate. Alimnyooshea kidole mkewe.

"Huyu hapa. Hajui kushika sindano, kila siku anajichoma."

Matroni alimtazama mdogo wangu kutoka kichwani hadi miguuni. "Basi asiguse tena sare zangu. Nikimkuta mezani hapa, kazi naipeleka kwingine."

Mdogo wangu alivua kastabani, kile kikofia cha kukinga sindano, kidoleni, akaiweka mezani, akatoka. Miaka kumi na moja ameketi pale, na hakuna kazi nyingine anayoipenda. Alikuja kukaa mlangoni kwangu, akawa anazikagua ncha za vidole vyake.

"Dada, labda kweli nilijichoma nisijue."

Hapo ndipo nilipochoka. Yule mtu nilikuwa nimemwombea miaka mingi. Siku ile nikaamua kumchunguza.

Niliomba moja ya sare zile sita zilizoachwa mezani, nikaipeleka kwenye mwanga. Penye vifungo palikuwa safi. Doa lilikuwa kwenye kola, mwisho kabisa wa mshono, pale uzi unapokatwa. Kesho yake nikaenda kibandani na uzi mweupe.

"Shemeji, hebu nikatie huu."

Akauma kwa madaha yake yote. Nikaulaza uzi kiganjani. Ncha ilikuwa nyekundu.

"Hiyo ni rangi ya kitambaa," akasema.

"Kitambaa gani, shemeji? Nimekupa uzi mtupu."

"Basi ni pini imenichoma."

"Pini iko wapi?"

Akaanza kupekua meza. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, anatafuta pini ya kusingizia!

Nikamwambia: ama twende kwa daktari wa meno, ama uzi huu naupeleka kwa matroni. Akaja. Alimwogopa matroni, huruma kwa mkewe haikuwemo safarini.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye mikono mepesi. Alimshikia kioo. "Baba, unaona hii kahawia kwenye shingo za meno? Ni ugaga. Vijidudu hufanya utando laini kwenye meno. Usiposuguliwa unaganda, ufizi unavimba, ukiguswa kidogo unatoka damu."

"Ndiyo maana niliacha mswaki."

"Yaani nguo ikichafuka, wewe unaacha kuifua?"

Nilitazama dirishani nisionekane nikicheka.

"Na maji ya chumvi?" akauliza Mtaalamu, bado anajitetea.

"Yanatuliza. Ugaga hayaung'oi."

Alimpima sukari, kwa kuwa sukari ya mwili ikipanda nayo huumiza ufizi, akakuta iko sawa. Akamkwangua ugaga, huku Mtaalamu ameng'ang'ania kiti na kugumia kama anayejifungua. Mimi nimezaa watano sikupiga kelele zile. Kisha akamwagiza: mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili, brashi ielekee kwenye ufizi, na uzi maalumu wa meno upite katikati. Nyuzi za cherehani zikatwe kwa mkasi.

"Damu itatoka siku chache, usiache. Ikiendelea kutoka zaidi ya wiki mbili, rudi. Meno mawili ya chini yameanza kulegea. Ungechelewa, ungeyaokota mezani kwako."

Siku ya tatu tu alitaka kuacha. Aliyesimama naye na kopo la maji, asubuhi na jioni, ni mke yule yule aliyemsingizia. Sijui alipata wapi moyo huo. Mimi ningeyaacha yaanguke.

Siku ya kumi na mbili alitema povu jeupe. Alizunguka ua mzima akitufunulia mdomo, na kufika mchana alikuwa anawafundisha wateja kupiga mswaki kana kwamba ameubuni yeye. Mdogo wangu bado alikuwa mlangoni kwangu, mikono mitupu mapajani.

"Na matroni atajua lini?" nikamwuliza Mtaalamu.

Akamgeukia mteja mwingine. Nikamshika mkono nikamwongoza hadi lango la hospitali. Pale akasimama, akajifuta jasho, akaangalia viatu vyake.

"Shemeji, ingia wewe umwambie damu ile ilikuwa yangu. Mimi nitakusubiri hapa nje."