Lebo Kumi na Mbili na Kiti cha Mama Mkwe

Mkasa huu ulinigharimu ngozi ya vidole viwili, shati moja jeupe la Jumapili, na uso wangu mbele ya mama mkwe. Nimepiga hesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na kila nikirudia naona hilo la tatu ndilo linalouma, maana ngozi imeota na shati lina mwenzake kabatini.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa stika. Nina kibanda hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na printa mbili (moja inafanya kazi, ya pili ni ya kumwonyesha mteja kwamba biashara imekua), na lebo zangu utazikuta kwenye mitungi ya asali, chupa za maziwa lala, pakiti za njugu, na mara moja kwenye jeneza, lakini hiyo ni hadithi ya mtu mwingine.

Basi Jumatatu moja akaingia mama mmoja mfupi, amevaa viatu vya kufunga kabisa kwenye jua lile la saa saba, akasema anaitwa Apiyo na anafanya kazi kwenye maabara ya samaki. Nikamwita Daktari. Akasema yeye si daktari, yeye ni mtu wa maabara. Nikaendelea kumwita Daktari, kwa sababu mteja ukimpandisha cheo anaona haya kuomba punguzo.

Alitaka lebo za kubandika kwenye vichupa vya plastiki vilivyo vidogo kama kidole changu cha mwisho, vyenye vipande vya samaki ndani, vinavyokaa miaka kwenye friza la baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri.

"Lebo zako zinavumilia baridi?" akauliza.

"Daktari, lebo zangu ziko kwenye aiskrimu."

"Aiskrimu ni joto."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba, kwamba kwenye baridi ile gundi ya kawaida inakauka kama kioo na kuachia, karatasi inakunywa umande ikitolewa nje, na maandishi ya printa yanafutika ukipitisha spiriti. Kwamba yeye anataka lebo inayozunguka kichupa chote na kushika mkia wake yenyewe, ili hata ikichoka kushika plastiki isichoke kujishika. Na kwamba lebo yoyote lazima ijaribiwe wiki tatu, iingie, itoke, iyeyuke, ifutwe na spiriti, irudi tena.

"Na sasa hivi mnaandika na nini?"

Akachomoa kitu kwenye nywele zake. Penseli.

"Yawa! Daktari mzima na penseli, kama mtoto wa darasa la pili?"

"Wino unaondoka na spiriti," akasema. "Penseli haiondoki. Shida ni macho yangu. Vichupa ni vingi na mwandiko wa penseli ni mdogo. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu wa biashara; wiki tatu mteja ameshapita vibanda vinne. Nikachukua lebo kumi na mbili, nikazibandika kwenye vipakiti vya barafu ya maji matamu kwenye friza la jirani yangu muuza soda, zikalala humo usiku mmoja, asubuhi zote zipo. Nikahesabu mara mbili. Kumi na mbili. Ijumaa nikampigia simu.

"Daktari, zimepita."

"Umezijaribu wiki tatu?"

"Wiki tatu kamili."

"Bwana Stika, mimi nilikuja kwako Jumatatu. Leo ni Ijumaa."

Mtu mwenye akili angekiri hapo hapo. Mimi nikamwambia nilianza kuzijaribu kabla sijamjua.

Ningetukanwa ningeelewa. Lakini yule mama akasema tu, kwa sauti ya mtu anayeongeza sukari kwenye chai, "Sawa. Lete kumi na mbili. Nitazibandika kwenye vichupa vya maji matupu, si vya samaki. Alhamisi tuna wageni, tutazitoa mbele yao." Hakuniamini hata nukta moja, mnaona? Ndiyo maana mpaka leo namheshimu. Lakini siku ile, katika maneno yote hayo, mimi nilisikia neno moja tu, wageni, nikapiga pasi shati jeupe.

Wageni wenyewe walikuwa akina mama wa Luanda Kotieno wanaofuga samaki kwenye vizimba ndani ya ziwa. Samaki wao walikuwa wanakufa, na walikuwa wamekuja kuona vipande vyao vilikopelekwa. Nikaingia ukumbi wa maabara na tabasamu langu la kibiashara, nikapitisha macho kwenye viti vya plastiki, na pale safu ya mbele, kwenye kiti cha kijani, ameketi mwenyekiti wao. Mama mkwe wangu.

Sasa nyinyi wa mbali niwaeleze. Kwetu mwanamume na *maro*, yaani mama wa mke wake, hawakaribiani hivi hivi. Kula mbele yake hakuna. Mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja wenu anakumbuka ghafla kuna kitu alisahau upande wa pili. Katika miaka tisa ya ndoa, mimi na yeye tulikuwa tumefanikiwa kutokaribiana zaidi ya hatua kumi (nimezihesabu). Nikainamisha kichwa. Yeye akageukia dirisha. Mpaka hapo heshima ilikuwa kamili.

Apiyo akaleta trei ya chuma imekaa juu ya barafu kavu, ile inayofuka moshi bila kuloa, na juu ya trei visanduku viwili. Kimoja kilikuwa changu, vichupa kumi na mbili vya maji. Cha pili kilikuwa na vichupa kumi na mbili vya samaki wa wale akina mama.

"Hiki," akasema, akigusa kimoja kwa glavu, "namba saba, ndicho cha maana kuliko vyote. Wale wengine mlituletea wameshakufa na kuanza kuharibika. Huyu alitolewa kwenye kizimba cha mama hapa, bado anahema. Bila huyu mimi siwezi kuwaambia kwa uhakika ni nini kinawaua."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Najua kutoka kwa mke wangu kwamba alikuwa amebakiwa na vizimba viwili kati ya sita, na kwamba alikuwa anangoja jibu la maabara ili aamue kama atatia vifaranga wapya au atauza nyavu arudi kulima mtama.

"Haya Bwana Stika. Fungua chako."

Nikavaa glavu alizonipa, nikafungua. Lebo tano zilikuwa zimelala chini ndani ya sanduku kama maganda ya njugu. Nikacheka, nikasema hizo ni za ziada. Nikainua kichupa cha kwanza kilichobaki na lebo. Lebo ikabaki kwenye glavu. Nikainua cha pili. Ikabaki kwenye mkono wa shati. Mama mmoja nyuma akaanza kuhesabu, "*Achiel! Ariyo! Adek!*" na wenzake wakadakia kama wako harambee. Nawaambia lebo zile zilishika kila kitu siku ile, zilishika glavu, zilishika shati, moja ilikutwa kwenye kidevu changu na sijui ilipitia wapi, isipokuwa plastiki tu ndiyo iliyozishinda.

"Ni glavu!" nikasema. "Stika haitaki glavu, inataka kidole."

"Usivue," akasema Apiyo.

Nikavua. Na kwa sababu nina miaka kumi na tano ya kubandua stika na kuhesabu pesa, nikafanya nilichofanya kila siku ya maisha yangu: nikalamba vidole viwili. Kisha, huku nikiinama kubandika ile lebo kwa mamlaka, nikaviegemeza kwenye trei ya chuma.

Vikashika. Yaani lebo zangu zilishindwa, mimi nikashika mara ya kwanza.

"Tulia, usivute, naleta maji," akasema Apiyo. Lakini mtu aliyeshikwa vidole na chuma mbele ya mama mkwe hatulii. Nilivuta. Ngozi ikabaki, mimi nikaenda chini na trei ikanifuata, na visanduku vyote viwili vikapasukia sakafuni, vichupa ishirini na vinne vikaenda kila mahali, vyote vyeupe kwa umande, vyote vimefanana kama mapacha.

"Mtu yeyote asiinue mguu," akasema Apiyo.

Hakupaza sauti, lakini akina mama wote wakaganda. Akaniwekea jozi ya glavu nene mapajani, akavaa zake, akapiga magoti na sanduku la barafu kavu kando yake, akaanza kuokota. Na hapa ndipo nilipoona kitu ambacho nitawasimulia wajukuu. Kila kichupa alikipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, mara moja tu, akakigeuza kwenye mwanga, na pale pembeni, kwenye ule upande uliokwaruzwa wa kuandikia, kulikuwa na mwandiko mdogo wa kijivu haujatetereka hata kidogo. Ile penseli niliyoicheka.

"Kina namba, ni samaki," anasema, anaweka kulia. "Hakina namba, ni chako," anaweka kushoto. Kina namba. Chako. Chako. Kina namba. Sikuwahi kuona mtu anafanya kazi haraka hivyo bila haraka. Daftari lake lilikuwa wazi mezani, limechorwa vijumba, kila kichupa na kijumba chake, pia kwa penseli. Kama macho yake yangekosea, daftari lingemsahihisha. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili nilikutana na mtu anayehesabu mara tatu.

Akamaliza. "Chako kumi na mbili. Samaki kumi na moja." Akahesabu tena. Kumi na moja. Akatazama daftari. "Namba saba haipo."

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni.

Mimi nilikuwa bado sakafuni, na kutoka sakafuni niliiona. Ilikuwa imebingirika ikaenda kulala nyuma kabisa chini ya kile kiti cha kijani, nyuma ya pindo la gauni lake. Apiyo alikuwa upande wa pili na sanduku mikononi. Wengine hawana glavu, na wameambiwa wasiinue mguu. Umande kwenye kichupa ulikuwa umeanza kuwa maji.

"Daktari," nikasema, "nimeiona."

"Basi ichukue."

"Iko... pale."

Akaangalia pale. Akaelewa, yeye pia ni mtu wa hapa hapa. Kisha akasema, "Bwana Stika, huyo samaki hajui habari ya ukwe. Anayeyuka."

Nikavaa glavu. Nikafumba jicho moja (sijui kwa nini moja). Nikatambaa kwa tumbo, mimi, baba wa watoto wawili, na shati la Jumapili, mpaka chini ya kiti cha mama wa mke wangu.

Mama mkwe hakusema nami, hilo alilishika mpaka mwisho. Alitazama dirishani na kumwambia jirani yake, "Mwambie huyo mtu iko karibu na kisigino cha kushoto."

"Anasema kisigino cha kushoto!" jirani akapaza sauti, ingawa kichwa changu kilikuwa hatua moja kutoka kwake.

"Mwambie anaelekea kulia."

"Baba, unaelekea kulia!"

"Na mwambie akimaliza atoke kwa nyuma. Asipite tena huku mbele."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka akalia, bila kuinua mguu, nampa heshima yake. Nikaishika. Nikarudi kinyumenyume kama gari la mchanga. Apiyo akapangusa mara moja, akageuza kwenye mwanga, akasoma, "Saba," akaizika kwenye barafu. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akafunga macho kwa muda mfupi sana. Hapo tu ndipo nilipojua kwamba hata yeye alikuwa anaogopa.

Wiki tatu kamili baadaye (nilihesabu) alikuja kibandani kunionyesha daftari. Alikuwa amejaribu aina nne za lebo, na yangu aliiweka ya tano, kwa haki, pamoja na zingine, ingawa wote tulijua. Iliyoshinda ni ile inayoshika mkia wake, inayobandikwa kichupa kikiwa kikavu na bado hakijaingia kwenye baridi. Mbele ya yangu aliandika: "Aiskrimu tu." Nikamwomba anikatie ukurasa ule niuweke ukutani. Alikataa, daftari halikatwi. Sasa mtu akija kutaka lebo za maabara, namwambia ukweli na kumpa namba ya Apiyo, bila malipo, jambo ambalo mke wangu anaamini ni dalili ya ugonjwa.

Na namba saba ilisema. Haikuwa maradhi, samaki walikuwa wanakosa hewa, vizimba vimesongamana pale ambapo maji hayasogei. Mama mkwe alivivuta mbele, maji yanakosogea, akatia vifaranga.

Sasa ndugu zangu, nimeandika haya yote kwa sababu ya jambo moja. Mjomba wangu anasema kwa kutambaa chini ya kile kiti nina deni la mbuzi mmoja, faini ya kuvunja heshima ya ukwe. Mjomba wa pili anasema wawili, maana nilikwenda na nikarudi. Mimi nasema samaki aliyeokolewa ahesabiwe, tupatane. Lakini jana mke wangu amerudi kutoka kwao na ngege mmoja mkubwa, wa vizimba vile, amefungwa kwenye gazeti, na kwenye gazeti, kwa penseli, limeandikwa neno moja: *Mkwe*.

Nimemweka kwenye friza na sijamgusa. Kwa hivyo anayejua mambo ya ukweni anishauri kabla umeme haujakatika: huyu samaki ni msamaha, nimle, au ni ankara, nitafute mbuzi?