Stika Saba na Sauti ya Mama

Sipendi kudanganywa, na zaidi sipendi kudanganywa huku natikisa kichwa kukubali. Ndivyo nilivyonunua sabufa pale Mbinga mjini.

Baba yangu, mkulima wa kahawa kule Ukata, masikio yameanza kumsaliti. Alitaka kitu kimoja tu: kumsikia marehemu mama akiimba ubeti wake wa peke yake kwenye video ya kwaya ya kanisa la kigango chetu. Kwenye simu yangu alikuwa anaona midomo tu. Nikaapa kwamba atamsikia kabla masikio hayajaziba kabisa.

Muuzaji alinigeuzia boksi. Lilikuwa na stika saba, za dhahabu na za fedha.

"Mwalimu, hii imethibitishwa ubora kila upande. Sauti, picha, umeme."

Akachomeka flashi yake, mdundo ukatikisa vioo vya kabati. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

Mimi huyo, niliyekulia kwenye kahawa! Kwetu hakuna anayepokea gunia kwa maandishi ya nje. Linafunguliwa, mkono unazama mpaka katikati, punje zinamwagwa mezani, mbovu zinaonekana. Flashi yenye video ya mama ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Sikuitoa.

Nilipofika nyumbani nikamwamkia baba.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja naye?" akauliza, kana kwamba mama mwenyewe yumo ndani ya boksi.

Nikaiunganisha na televisheni ya baba, nikachomeka flashi yangu, nikawasha. Ngoma za kwaya zikajaa sebuleni, mabati yakalia. Mama akasogea mbele, akafungua mdomo, ngoma zikamfunika. Nilibonyeza rimoti mpaka dole gumba likauma. Nikipunguza mdundo, sauti yote inapotea. Nikiongeza, spika zinakwaruza. Baba aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, halafu taratibu akaegemea kiti.

Ndipo nikaanza kusoma kwenye simu, kwa hasira, mambo ya alama zile niliyopaswa kuyasoma kabla. Alama ya umeme inakuhakikishia hutapigwa shoti, basi. Ya picha inahusu picha. Ile ya sauti niliyoitegemea inasema tu kwamba mashine inaweza kusoma aina fulani ya rekodi. Spika zenyewe haizitaji. Tena cheti cha kweli kina namba, unaitafuta kwa waliokitoa na kuikuta mashine yako. Stika zangu saba hazikuwa na namba hata moja.

Nikarudi dukani. Muuzaji alikuwa anabandua stika kutoka kwenye karatasi ndefu na kuzibandika kwenye redio, mchana kweupe, bila haya.

"Wateja wanazipenda, mwalimu," akaniambia.

Nilifika Ukata nikifoka. Nilimlaani muuzaji, boksi, na kiwanda nisichokijua. Baba aliniacha nimalize.

"Pale dukani uliijaribu kwa kitu gani?"

"Kwa muziki wao, baba."

Akaichukua rimoti, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaiweka mezani.

"Mama yako alikuwa na sauti ndogo," alisema. "Hukumbuki?"

Nilitaka kujibu haraka kwamba nakumbuka. Nikajaribu kuisikia kichwani, nikapata ngoma tu.