Kimea cha Mama Danford

Tulinagwe, ambaye Tunduma nzima ilimwita mama Danford, alikuwa mjane asiyejua kulainisha maneno. Alizaliwa katika milima ya Ileje, ndoa ikamleta mpakani. Mumewe alipofariki, alibaki na heshima moja tu: alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye zamu ya kutandika meza ya Bwana. Katika mji usio na ukoo wake, heshima hiyo ndiyo iliyomfanya ahesabiwe kuwa mtu.

Nyuma ya barabara ya malori, siku zile za Mwingereza, palikuwa na vibanda vya nyasi na madebe yaliyopasuliwa. Humo walijibanza waliokuwa wakienda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, pamoja na waliorudi kutoka huko wakiwa wameharibika vifua, wasio na nguvu ya kufika kwao. Mmoja wao, Lusubilo, alilazwa kibandani kwa Ketrina, mpika pombe ambaye kanisa lilikwisha kumtenga kwa ajili ya kazi hiyo. Ugali haukupita tena kooni mwa Lusubilo. Tulinagwe alimwosha, akamwombea, akamnywesha togwa, kinywaji kitamu kisicholevya; na uji wa ulezi hauwi togwa mpaka utiwe kimea.

Basi akaloweka ulezi, akauotesha, akauanika juu ya jamvi uani, mchana kweupe, katika juma lile lile la kujiandaa kwa Chakula cha Bwana. Katika nchi ile, jirani akiona ulezi ulioota umeanikwa, haulizi neno. Amekwisha kujua kwamba pombe inakuja. Jua halijashuka, Mzee Andongwisye, mkuu wa wazee wa kanisa, alikuwa amesimama mbele ya jamvi, akina mama wa zamu wamejipanga nyuma yake.

"Mama Danford, hiki nini?"

"Macho unayo, Mzee. Kimea."

"Cha kazi gani?"

"Togwa ya mgonjwa."

Mama Priska, aliyekuwa msaidizi wa Tulinagwe katika zamu ya meza, akaguna. "Togwa! Na ikilala hadi kesho kutwa utaiitaje?"

"Haijapata kulala, mama Priska. Kule kuna njaa."

"Kule kwa Ketrina," alisema mzee, kama mtu anayetema mfupa. "Kimea kitoke kwako, kiingie nyumbani mwa mpika pombe, nasi tuambiwe ni dawa? Wapagani watatucheka."

"Wamekwisha kuwacheka. Wanasema mnahubiri barabarani, vibanda mnavikwepa."

Uso wa mzee ukakunjamana. Akatoa hukumu papo hapo: kimea wapewe kuku, naye asikanyage tena kwa Ketrina, la sivyo, Jumapili akae nyuma pamoja na waliotengwa.

Tulinagwe alilitazama jamvi. Ilitosha kuinama, kukunja jamvi na kusema ndiyo. Akamwona mama Priska akitabasamu, tayari amejiona mwenye meza.

"Kuku wangu wameshiba," akasema.

Jumapili alivaa vazi lake jeupe la zamu, kwa ukaidi, akaketi benchi la mwisho. Alikuwa amekuja ili wamwone hajainamisha kichwa. Lakini sahani ya mkate ilipofika safu iliyo mbele yake, Mzee Andongwisye akaichukua, akageuka nayo kabla haijafika benchi la mwisho. Tulinagwe hakungoja baraka; akatoka. Mlangoni mzee akamfuata.

"Tutakuombea utubu, mama."

"Mwombeeni Lusubilo. Mimi sina kikohozi."

Alikwenda moja kwa moja kibandani. Ketrina alilitazama vazi lile, akacheka kwa kejeli. "Wamekuvua cheo, sivyo? Karibu kwetu, dada. Huku hakuna zamu ya kufagia."

"Nyamaza. Nipe mwiko."

Lusubilo alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Tulinagwe akainjika uji wa kutilia kimea chake, akakoroga, na hasira aliyoizuia kanisani ikamtoka kwa machozi. Aliwalilia wale waliomgeuzia visogo, na mkate alioutandikia kitambaa kwa miaka mingi. Hakumsamehe hata mmoja. Mkono wake ukasimama, uji ukaanza kushika chini.

Ketrina akamnyang'anya mwiko. "Kulia, lia. Chungu changu usikiunguze; mtu anangoja kula."